Jinsi ya kuwafundisha watoto wa miaka 5 hadi 7 habari za Maggie Lena Walker

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi kuwaeleza watoto wadogo habari za Maggie Lena Walker, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyefungua benki mwaka 1903. Anzia kwenye kikapu cha nguo. Benki ije baadaye.

Mama yake alikuwa mtumwa, kisha akawa dobi mjini Richmond, Virginia, na Maggie alikuwa akipeleka nguo kwa wenyewe. Kila mtoto abebe kikapu chenye nguo mbili tatu kichwani, kutoka mlangoni hadi dirishani. Utumwa usiuruke, ila kwa umri huu sentensi moja inatosha: "Watu walimfanyisha kazi bila malipo, na hakuruhusiwa kuondoka."

Chama cha St. Luke alichokiongoza tangu 1899 hakihitaji maelezo marefu. Kilikuwa cha kufa na kuzikana, na watoto wetu wanaona mama zao wakienda vikoba.

Sehemu tamu ni kibubu. Chama kiligawia watoto viboksi vya kuwekea senti. Mtoto akifikisha senti 100, yaani dola moja, anafungua akaunti. Tumia boksi la dawa ya meno. Kata tundu la sentimita 3 kwa 1 (likiwa jembamba zaidi punje zinakwama), kisha ziba ncha zote mbili kwa gundi ya karatasi. Badala ya hela weka maharage, maana hela halisi huleta kulinganisha nani kwao wana nacho. Punje 5 kila siku ya shule kwa wiki 4 ni 100. Ijumaa wamwage, wahesabu kwa mafungu ya kumi, kisha uzibe tena. Ukiwapa zote 100 siku moja, wengi watapotea njiani wakifika thelathini na kitu. Chagua maharage yasiyo na vitundu, la sivyo fukusi watayasaga humo ndani. Kama kuna mdogo wa chini ya miaka 4 darasani, usitumie punje kabisa, zinaishia puani.

Wiki ya tano fungua benki: meza, daftari, na kadi ya kila mtoto yenye jina na kiasi. Mweke mmoja alete 31 tu. Siku ya kwanza ya benki ile kuna mtu aliweka senti 31, naye akapokelewa.

Penye kilio ni kwenye mkopo. Mtoto mmoja akikopa punje 60 "ajenge nyumba", wengine watasema wameibiwa, kwa sababu wanadhani benki inatunza punje zilezile walizoleta. Kabla ya hapo, tia wino punje mbili za mtoto mmoja, changanya zote kwenye beseni, kisha mlipe mbili nyingine. Waachie muda wabishane. Riba isubiri darasa la tatu.

Wakiona picha zake akiwa kwenye kiti cha magurudumu, waambie miguu yake ilipooza uzeeni lakini aliendelea kuongoza kazi zake.

Na kagua picha kabla ya kuchapisha. Ukitafuta "Walker" intaneti itakuletea Madam C. J. Walker, yule wa mafuta ya nywele wa Indianapolis. Walikuwa wa zama moja, lakini hawakuwa ndugu. Tafuta jina kamili pamoja na Richmond.