Kuzuia watumiaji kubadilisha kazi za cron kwenye Linux

Ndugu, kwa kuwa unataka wafanyakazi wasiguse ratiba ya kuhifadhi nakala za data kwenye seva yenu ya Linux, ihamishie kazi hiyo kwenye /etc/cron.d (saraka ya ratiba za cron, programu inayoendesha kazi kwa wakati uliopangwa), faili likiwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kisha uunde /etc/cron.allow na kuandika humo majina ya wanaoruhusiwa tu, jina moja kila mstari. Asiyetajwa humo atakataliwa anapoendesha crontab -e, amri ya kuhariri ratiba yake. Katazo hilo, hata hivyo, haliziondoi ratiba ambazo watumiaji walikwisha kuziweka. Hizo huendelea kufanya kazi hadi uzifute.

Ninalolihofia zaidi, na ambalo wengi hulisahau, ni skripti yenyewe, yaani faili la amri ambalo ratiba huliendesha: ikiwa root anaendesha /opt/nakala.sh na mtumiaji wa kawaida ana ruhusa ya kuiandika, hana haja ya kugusa ratiba, kwani chochote atakachoongeza humo kitaendeshwa kwa mamlaka kamili ya root. Tafadhali ifanye mali ya root, uipe chmod 700 (mmiliki peke yake aweze kuisoma, kuiandika na kuiendesha), na uhakikishe kwamba hata saraka ilimo skripti hiyo haiandikiki na wengine. Amri ya at, inayopanga kazi za kuendeshwa mara moja tu, ina faili lake la wanaoruhusiwa, /etc/at.allow.