Gharika, miji iliyozama na takataka za wahenga

Kuna video moja inayozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp hapa Bukavu, ya bara lililozama na watu wake waliojua kila kitu kabla yetu. Tangu juma lililopita maswali yananijia kama sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, usiku usio na mwezi. Nimechagua machache.

Mwalimu, jambo sana. Nuhu, Wababeli, Wahindi, watu wa Marekani ya kale: wote wana hadithi ya gharika. Mashahidi wote hawa si ushahidi tosha kwamba dunia nzima ilifunikwa siku moja? (Kijana wa Ibanda)

Tuanze na mashahidi wenyewe. Mwaka 1872, huko London, George Smith alisoma bamba la udongo lililochimbwa Ninawi akakuta mtu anaitwa Utnapishtim, amejenga chombo, amepakia wanyama, kisha ametuma njiwa na kunguru kutafuta nchi kavu. Ni Nuhu kwa jina jingine, tena kutoka nchi ileile ya mito miwili, Mesopotamia (Iraki ya leo). Mashahidi waliolala nyumba moja, hakimu hawahesabu wawili.

Leonard Woolley naye alichimba mji wa Ur, na mwaka 1929 akatangaza kwamba amekuta tabaka la tope safi la mita tatu na zaidi. Watu wakapiga vigelegele: gharika yenyewe! Lakini wenzake walipochimba miji mingine, tope la Shuruppak likawa la karne nyingine kabisa, na Eridu, jirani na Ur, halina tope hilo hata kidogo. Kila mji ulikuwa na mafuriko yake.

Na sisi tunayajua mafuriko. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mito ya Kalehe ilishuka na mawe, na miti, na nyumba. Bushushu na Nyamukubi zikafukiwa, na waliokufa walizidi 400. Mtoto aliyeokoka siku ile, akiwa mzee akiwaambia wajukuu kwamba dunia yote iliisha, hatakuwa anasema uongo. Dunia aliyoijua yeye iliisha. Watu huishi kando ya maji, na maji huwafuata nyumbani; ndiyo maana hadithi hizi ziko kila mahali.

Mimi ni fundi bomba, Kadutu. Naomba hesabu tu: hayo maji yalitoka wapi, na yalikwenda wapi?

Swali la fundi kabisa. Mvuke wote ulio hewani, ukianguka wote kwa mara moja na kutandazwa sawasawa duniani, unatoa maji ya kina cha sentimita mbili na nusu hivi. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka, bahari inapanda kama mita 70. Ziwa letu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460; Ararati una mita 5,137. Bomba lako halifiki.

Marehemu bibi alikuwa akituambia kwamba chini ya Kivu kuna kijiji, na usiku mtulivu unasikia watu wakitwanga. Watoto wangu wa chuo wananicheka. Je, ni upuuzi? (Mama wa Nguba)

Mama, usiwaache wakucheke mpaka wamalize. Hadithi za aina hii ziko maziwa mengi ya kwetu. Stanley, yule msafiri wa karne ya 19, alipofika Ujiji aliandika ile ya Tanganyika: mtu na mkewe walikuwa na chemchemi ya siri yenye samaki, mke akamwonyesha mpenzi wake, ardhi ikapasuka, na maji yakala nchi. (Nimeona kwamba katika hadithi hizi kosa halikosi kuwa la mwanamke. Wasimulizi walikuwa nani, sijui.)

Sasa twende Kivu. Zamani maji ya hapa yalikwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikainuka zikaziba njia kama mtu anayeziba mfereji kwa udongo. Maji yakajaa bondeni, yakapanda, mpaka yakapata pa kutokea upande wa kusini, hapahapa Bukavu. Ndiyo Ruzizi. Wataalamu wa mashapo (tope linalotuama chini ya maji) wanaweka tukio hilo miaka kama 10,000 iliyopita, na kwa mto huo ni utoto. Ukisimama darajani ukaona unavyorukaruka kwenye miamba, ukishuka karibu mita 700 mpaka uwanda wa Uvira, unaona kabisa ni mto ambao bado haujalainisha njia yake.

Ushahidi mwingine uko kwenye sufuria. Samaki wa asili wa Kivu kwa sehemu kubwa ni jamaa ya samaki wa Edward, ziwa tulilotengana nalo, si wa Tanganyika tunakopeleka maji leo. Maporomoko ya Ruzizi yaliwazuia wa Tanganyika kupanda. Na sambaza? Hao waliletwa na watu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni wa ukoo wa ndagala wa Uvira, waliopandishwa mlima kwa mikono.

Kwa hiyo, Mama, chini ya ziwa kuna nchi iliyozama: kuna vilima vya volkano vilivyozaliwa hewani na leo viko majini. Na huenda watu waliipita nchi hiyo. Mji haujaonekana. Wala sidhani kwamba bibi alirithi habari ya miaka 10,000. Mdomo husahau mapema kuliko hapo. Ila alikuwa anaishi kando ya ziwa ambalo kweli lilimeza bonde, na macho yake yaliona kitu ambacho watoto wa chuo wanakiona kwenye ramani tu.

Atlantis ilikuwepo au haikuwepo? (Watu saba, kwa maneno tofauti)

Jina hilo linatoka kwa mtu mmoja, Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, mnamo mwaka 360 KK. Anasema kisiwa kilizama kwa mchana mmoja na usiku mmoja, miaka 9,000 kabla ya Solon, mtunga sheria wa Athens, baada ya kushindwa vita na Athens. Hakuna aliyekitaja kabla yake, na wakati wa vita hivyo Athens yenyewe haikuwepo. Plato alikuwa anawafundisha wenzake somo la majivuno.

Lakini wacha niwaambie jinsi mimi ninavyopima madai haya. Kule Kadutu, mvua kubwa ikipita, korongo linakatika jipya na ukuta wake unasimama wima. Nimesimama mara nyingi kutazama. Juu kabisa mifuko ya plastiki na chupa za maji. Chini kidogo ndala, betri za redio zilizooza, kipande cha sahani ya bati yenye ua jekundu. Chini zaidi mkaa, na kigae cha chungu. Hakuna aliyeandika historia ya ule mteremko, ila takataka zimeiandika kwa mpangilio. Watu wakiishi mahali wanatupa vitu, na wanaochimba madini wanachafua hata hewa. Barafu ya Greenland imehifadhi vumbi la madini ya risasi kutoka migodi ya Warumi, ya miaka 2,000 iliyopita. Teremka mpaka tabaka za miaka 12,000, ambako video inaweka mafundi wake wakubwa: moshi wa mgodi haumo. Je, walijenga dunia nzima bila kutupa hata kigae?

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye magofu ya Great Zimbabwe, akaona kuta zile za mawe, akasema ni kazi ya Malkia wa Sheba. Ya Waafrika? Haiwezekani! David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905, Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, na takataka zikatoa jibu: vyungu vilikuwa vya wenyeji, mababu wa Washona. Hata hivyo serikali ya walowezi iliendelea kulificha jibu hilo miaka mingi. Ukisikia "ustaarabu uliopotea", uliza kwanza ni kazi ya nani inayotafutiwa mwenyewe mwingine.

Lakini wanasayansi ni wakaidi, wanakataa kila jipya.

Wakaidi, ndiyo. Mwanajiolojia J Harlen Bretz alisema mwaka 1923 kwamba mabonde ya ajabu ya jimbo la Washington, Marekani, yalichongwa na mafuriko makubwa ya ghafla. Walimcheka miongo mizima. Kisha likapatikana ziwa la kale lililozibwa na barafu, ambalo lilipasuka tena na tena, na mwaka 1979, akiwa na miaka 96, wakampa nishani yao kubwa. Bretz hakushinda kwa kulalamika kwamba anaonewa. Alitembea na kuonyesha mawe. Vivyo hivyo Göbekli Tepe, Uturuki: nguzo za mawe za mwaka 9500 KK hivi zimewalazimisha wataalamu kuandika upya vitabu vyao. Na takataka za pale? Mifupa ya swala wa porini. Waliosimamisha nguzo walikuwa wawindaji.

Mimi ni katekista. Niwaambie watoto kwamba Nuhu ni uongo?

Mimi ni wa jiografia, ndugu yangu. Waambie habari ya Nuhu kama ilivyoandikwa. Usiwape mtihani wa mashapo ndani yake.

Na sisi Kivu tuna kitu gani cha kale cha kuonyesha? (Mwanafunzi, Bagira)

Ishango, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa wa urefu wa sentimita 10 hivi, umechanjwa mistari kwa mafungu, na jiwe dogo la kwazi (quartz) limechomekwa nchani. Una miaka kama 20,000. Wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, mabishano hayajaisha. Mkono uliouchanja ulikuwa wa mvuvi: mahali pale palijaa vyusa vya mfupa na miiba ya samaki.

Ukitaka kuuona, uko Brussels.