Mamangu amekauka mdomo na usiku anaongea na watu hawapo, ni dawa au ni nini?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Mamangu ana miaka 71, ana sukari na miguu inamchoma, hospitali wakampa amitriptilini 25 mg ameze usiku na kweli imemsaidia. Wiki iliyopita mafua yakamshika nikamnunulia Piriton, halafu tumbo likamsokota nikamuongezea Buscopan. Sai mdomo umemkauka mpaka maneno hayatoki sawa, choo hajapata siku ya nne, na juzi usiku alikuwa anaongea na khalati, dadake, ambaye ni marehemu. Nyumbani wanasema ni jini. Hebu niambie, kati ya hizi dawa ni gani inamsumbua? (Msomaji, Likoni)

Jibu: Waaleikum salaam dadangu, pole sana na mpe mama pole. Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini hili nalikuta kaunta kila mara. Kabla sijaeleza chochote, mama anakojoa? Kama tangu asubuhi hajapata mkojo na chini ya kitovu pamejaa pagumu, wacha kusoma, vukeni feri mumpeleke emajensi sasa hivi, manake kibofu kikijaa hivyo kinahitaji mpira wa kutoa mkojo na hakingoji kesho.

Sasa swali lako. Unauliza ni gani, na jibu langu ni zote tatu. Moja ni ya mishipa, moja ya mafua, moja ya tumbo, kwenye pakiti hazifanani hata kidogo, lakini ndani ya mwili zinagonga mlango mmoja. Mishipa yetu ya fahamu inatuma ujumbe kwa kemikali inaitwa asetilikolini, hiyo ndio inaambia mate yatoke, matumbo yasukume, kibofu kibane, jasho litoke, na kwenye ubongo inasaidia kukumbuka na kuwa macho. Hizi dawa zinaziba pale inapopokelewa. Kwa hivyo mate yanakauka, choo kinasimama, mkojo unakawia, macho yanaona ukungu, moyo unaenda mbio, na mtu mzima anachanganyikiwa. Tena kila moja inaongeza juu ya mwenzake, ndio maana mama alikuwa sawa na amitriptilini peke yake na hizi mbili zilipoingia akazidiwa.

Buscopan haiingii kwenye ubongo kirahisi, hiyo zaidi inakaza choo na mkojo. Hayo mazungumzo ya usiku nashuku zaidi Piriton na amitriptilini, zote mbili zinapita mpaka ubongoni. Mwangalie mikono usiku, mgonjwa wa namna hii utamkuta anachunachuna leso kama anaokota nyuzi ambazo hazipo, ngozi kavu na ya moto, mboni za macho zimetanuka. Mnaotaka kumsomea msomeeni, dua si vibaya, lakini hospitali iende pamoja na dua isije ikangoja nyuma yake. Na usiwaache wakamfukizia wala kumnywesha miti ya kienyeji sai, manake mnanaha ule unaoota kando ya njia una dawa za kundi hilihili, na kwa mama sasa hivi ni kuongeza moto.

Sisemi ni dawa mbaya, wallahi zimeokoa watu wengi. Mtu akinywa sumu ya wadudu ya shambani anatokwa mate na jasho, kifua kinajaa maji mpaka anazama mwenyewe, hapo wauguzi wanampiga sindano ya atropini, dawa ya kundi hilihili, tena na tena, mpaka kifua kikauke, yani kule kukauka kunakomtesa mama ndiko kunakomrudishia mwingine pumzi. Mwenye asma iliyombana anavutishwa ipratropiamu pamoja na salbutamoli. Mwenye kibofu kisichotulia anapewa oksibutinini, na anayetetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson au kukakamaa kwa dawa za akili anapewa Artane. Shida yangu ni hivi zinavyouzwa moja moja, kemisti hii na ile, hakuna anayekuuliza mama anameza nini kingine. Siku ukienda, uliza wewe kwanza.

Cha kufanya leo. Piriton simamisha, mafua yatapona yenyewe, na akiwashwa siku nyingine kuna loratadini ambayo haichezi na akili hivyo. Buscopan pia simamisha, na huko kusokota kwa tumbo siku nne bila choo pengine ni choo chenyewe sasa. Amitriptilini usiikate kwa kichwa chako, daktari ndio aamue, pengine atateremsha mpaka 10 mg au abadilishe kabisa. Na mumpeleke leo hii hata kama anakojoa vizuri, manake mtu wa miaka 71 mwenye sukari akichanganyikiwa inawezekana sukari imepanda au imeshuka, au ana maambukizi ya mkojo, na mimi kwa maandishi siwezi kujua. Tia dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za kabatini za mwaka jana, zimwage mezani mbele ya daktari. Jicho likimuuma na kuwa jekundu sema hapohapo, kuna presha ya jicho ambayo dawa hizi zinaiamsha na inapofusha.

Kwa sasa mpe maji kidogo kidogo, mkalishe penye upepo manake joto letu hili la kaskazi na mwili usiotoa jasho havipatani, na usiku muwachie taa na mtu wa kulala karibu. Wakishampima niandikie wameona nini, nataka kujua mama anaendeleaje.