Mkuu hiyo chupa usiifungue: wino usiochuja na Parker 51 ya mzee

Weka chini hiyo chupa kwanza, mengine tutaongea. Nimesoma swali lako mara mbili. Umeachiwa Parker 51, kalamu ya wino ya zamani, na marehemu mzee wako, unataka wino usiochuja ukiingia maji kwa ajili ya daftari la duka, halafu mwishoni kabisa unatupia kama utani kwamba umeshanunua India ink (wino mweusi wa kuchorea) stationery, muuzaji kasema waterproof, leo usiku unajaza. USIJAZE. Na kama umeshajaza mwaga sasa hivi, chukua maji ya uvuguvugu, minya uvute, minya umwage, rudia mpaka maji yatoke meupe, hata kama ni saa nane usiku amka ufanye.

Mimi ndiye "leo usiku najaza" wa mwaka 2021.

Nilikuwa katibu wa kikoba chetu, naandikia wino wa bluu wa kawaida, mwandiko mzuri kila mtu anausifia. Siku hiyo mama mmoja akatua glasi ya maji ya baridi juu ya daftari, unajua glasi ya baridi inavyotoka jasho Dar, kuja kuinua kuna duara na ndani yake hisa za watu watatu zimekuwa wingu. Mmoja anasema yake ilikuwa 95,000, mimi nakumbuka 45,000, na mume wake yupo hapo hapo ameniangalia tu. Nikaapa sitaandika tena na wino unaooga.

Nikaenda duka moja la vifaa vya ofisi. Yule bwana (Mungu anamuona) nilimuonyesha kalamu yenyewe, Parker 51 ya baba, ya kuminya mpira, kofia ya dhahabu. Akaishika, akaigeuza kama fundi saa, akatoa chupa ya wino wa kuchorea, akagonga neno waterproof kwa ukucha, "huu hapa bosi, hautoki hata kwa jiki". Kweli hautoki bwana. Hautoki hata kwenye kalamu!

Sasa elewa kitu ambacho yeye hakujua au alijua akanyamaza. Wino wa kawaida ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji kama sukari kwenye chai, ukikauka ukaumwagia maji unayeyuka tena, ndiyo maana unachuja. Wino wa chembe hauyeyuki, ule mweusi ni masizi yaliyosagwa laini sana yanaelea tu kwenye maji, maji yakikauka chembe zinabaki zimenasa kwenye nyuzi za karatasi. Mpaka hapo safi. Ila India ink nyingi juu ya masizi zinaongezwa shelaki, ile ile ambayo maseremala wanaiyeyusha kwenye spiriti kupaka fanicha ing'ae. Yaani nilimnywesha baba yangu vanishi.

Siku mbili za kwanza raha tupu, nyeusi tii, nilidondoshea maji makusudi mbele ya wajumbe. Kisha nikapata msiba Tanga, siku tisa. Kurudi kalamu haiandiki. Maji baridi hamna, maji moto hamna, sabuni ya vyombo hamna. Na hii 51 siyo kalamu za siku hizi ambazo unachomoa nibu (ile ncha ya kuandikia) kwa vidole, nibu imefichwa ndani ya gamba, na nyuma yake kuna kidude cha plastiki chenye mapezi membamba kibao kama matamvua ya samaki, kazi yake kuzuia wino usimwagike wote kwa pamoja. Kila upenyo wa hayo mapezi ulikuwa umezibwa.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili ambao ndio ulioniua kabisa. Kuna jamaa kwenye video, anajiamini huyo, kasema shelaki inayeyushwa na spiriti, loweka usiku kucha. Na kakemia kenyewe ni kweli! Ila mwili wa 51 ni akriliki, na akriliki na spiriti ni paka na panya. Asubuhi naitoa kwenye kikombe, gamba zima lina vinyufa kama kioo cha simu kilichodondokea lami, na limelegea linacheza. Nilipompelekea fundi kupitia binamu yangu aliye Uingereza, ndiyo naambiwa kiwandani gamba la 51 lilifungwa kwa shelaki. Kwa hiyo spiriti iliyeyusha ya kwao ikaiacha ya kwangu. Gamba jipya, kidude kipya, na kazi ya fundi, jumla laki nne na ushee. Chupa ya wino ilikuwa elfu sita.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitaisema mpaka wasimamizi wa jukwaa wanichoke: kalamu ambayo huwezi kuifungua mwenyewe ukaosha ndani, usiitie wino usiofutika. Wowote ule. Hata ile mizuri iliyotengenezwa kwa kalamu hizi, Platinum Carbon Black, Sailor Kiwaguro, De Atramentis Document, hiyo haina shelaki na mimi naitumia kila siku, ila ukiiacha ikaukie ndani nayo ni kazi, na kwenye 51 hutaiona inapokaukia. Hiyo 51 ya mzee itie wino wa kawaida, andikia barua na kadi za harusi.

Kwa daftari la duka tafuta kalamu nyingine, Platinum Preppy, ni ya bei chee, kofia yake ina kifuniko cha ndani kinachobana, kampuni inadai wino haukauki mwaka mzima. Mwaka sijajaribu, ila yangu ilikaa wiki sita ndani ya begi ikaandika herufi ya kwanza. Ikiziba unachomoa nibu na ule ulimi mweusi wa chini yake, mswaki laini, maji, basi. Ikifa hulii. Hii ndiyo ujaze mmojawapo wa wino nilioutaja usio na shelaki, uandike kila siku, ukisafiri mwaga uoshe kabla hujafunga begi, SIYO ukirudi.

Na atakayekuja hapa chini kukwambia "mimi India ink naitumia miaka na haijawahi kuziba", muulize anaandikia kalamu gani. Utakuta ni ya kuchovya kwenye chupa, haihifadhi wino ndani.

Chupa yako rudisha, na kama risiti umetupa mpe mtoto achoree kwa brashi. Yangu ipo bado, nusu, na kila mama akiuliza kalamu ya baba iko wapi mbona siku hizi haioni mfukoni, namwambia naogopa wezi wa kwenye daladala.