Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Mawe ya Urithi, Tuiuze au Tuipangishe?

SWALI: Mhariri mheshimiwa, assalamu alaykum. Sisi ndugu watano tumerithi nyumba ya mawe yenye ghorofa moja katika mtaa wa Mkomani, Lamu. Sakafu ya juu, yaani paa bapa la nyumba, imebomoka upande mmoja na wapangaji wamekwisha kuhama. Dalali ametuletea mnunuzi wa kigeni anayetaka nyumba ya mapumziko, lakini baadhi yetu tungependa kuitengeneza na kuipangisha kwa kodi nafuu kwa walimu na wauguzi. Je, inawezekana bila kujitia katika madeni?
Msomaji, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam. Inawezekana, na ningefurahi mno kuona nyumba hiyo ikikaliwa na watu wa mji mwaka mzima badala ya kufungwa miezi kumi. Kwanza nendeni kwa Kadhi mthibitishe warithi na mafungu yao, kisha muandikiane ni nani atakayesimamia kazi na jinsi kodi itakavyogawanywa. Mkigundua kwamba nyumba ni wakfu, suala la kuiuza limekwisha.

Umbo la nyumba zenu linawasaidia kuliko mnavyodhani. Zamani, binti alipokaribia kuolewa, wazazi waliweza kumjengea makao yake juu ya nyumba yao, yenye ngazi yake mwenyewe, kwa hiyo nyumba moja ilihifadhi kaya mbili bila kuingiliana. Fuateni mpango huohuo: kaya moja chini, moja juu. Msikubali fundi akate misana, yaani vyumba virefu vyembamba, kwa kuta za matofali ili apate vyumba vingi, kwa sababu vyumba hivyo vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwanda (ua wa ndani ulio wazi juu), na mwanga na hewa huingia kutoka huko, hata ukuta mmoja tu ukawaacha wa nyuma gizani. Vyoo na jiko viwekwe karibu na mahali pa choo cha zamani, ili mabomba yawe mafupi na maji yasipite ndani ya kuta.

Fedha za kwanza ziende juu, kwenye sakafu, maana mvua ikiendelea kuingia, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza na kila mlichorekebisha chini huharibika tena. Boriti zilizooza zibadilishwe kwa boriti za mikoko, na mawe yaliyoanguka yasitupwe kwani yatarudi ukutani; kila kitu mjini hubebwa na punda au hamali, na usafirishaji hula fedha nyingi. Plasta iwe ya chokaa. Hapa nasisitiza, kwa kuwa mafundi wengi watawashawishi kutumia saruji kwa madai kwamba hukauka upesi na ni imara zaidi. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hubaki ndani pamoja na chumvi, na baada ya muda plasta hubanduka vipande vipande pamoja na uso wa mawe. Mpangaji hatavumilia chumba chenye ukungu, hata kodi iwe ndogo namna gani.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo ombeni idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na ya kaunti kabla ya kugusa jiwe.

Kuhusu madeni, nashauri msikope benki kwa kazi yote, kwa kuwa marejesho ya mkopo ndiyo yatakayopanga kodi, na mwalimu hataimudu. Mkishaziba sakafu, malizieni makao ya chini, myapangishe, kisha kodi hiyo itengeneze ya juu. Mpangaji aliye tayari kulipa miezi kadhaa mbele apewe mkataba wa maandishi unaoonyesha wazi miezi iliyokwisha kulipiwa.

SWALI: Nimesikia kwamba huko Marekani majengo ya kale ya katikati ya miji hugeuzwa nyumba za kupanga za bei nafuu. Wanazipataje fedha?
Msomaji, Malindi

JIBU: Serikali kuu yao humpunguzia kodi ya mapato mwenye jengo la kihistoria la biashara au la kupangisha kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati unaostahili, na sheria ya 1986 hutoa punguzo jingine kwa nyumba za wenye kipato cha chini. Miradi mingi huunganisha yote mawili, ikawavutia wawekezaji watoe mtaji kwa ajili ya mapunguzo hayo, hivyo deni likapungua. Kwa upande wake, mwenye nyumba hufungwa na kikomo cha kodi ya pango, kwa kawaida kwa miaka 30. Kwetu, kaunti zingeweza kuanza kwa kusamehe ada za ardhi na za vibali kwa mwenye nyumba ya kale atakayekubali kikomo kama hicho. Ada hizo hupangwa katika sheria ya fedha ya kaunti, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla haijapitishwa. Hapo ndipo ombi hili lipelekwe kwa maandishi.