Akishakunywa dawa kliniki, masaa yanayobaki anakaaje?

Mdogo wangu yuko methadoni, ile dawa ya kliniki ya kumsaidia mtu aache unga (heroini), huu mwaka wa tatu, tunakaa Mbagala, na karibu kila wiki kuna mama au dada ananivuta pembeni ananiuliza nyie mlifanyaje maana wa kwangu kaanza kliniki lakini bado simuelewi. Nimeona niandike yote kwa pamoja. Mi sio nesi, naandika nilichokiona ndani ya nyumba yetu.

Hii huduma kwa Dar ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ikaja Mwananyamala na Temeke, saivi na mikoani ipo. Dawa ni bure. Mgonjwa kwa kawaida anaenda kila siku, Jumapili yumo sikukuu yumo, anapewa ya maji anakunywa mbele ya mhudumu, basi, anaondoka. Dawa inakaa mwilini siku nzima na zaidi ndo maana anakunywa mara moja na arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, haimpati, kwahiyo wale wa mtaani wanaosema ameacha unga huu kahamia unga mwingine naomba muwapuuze kabisa, mi nimemuona huyu kijana anatetemeka na kutapika sakafuni na nimemuona anaamka asubuhi anapiga mswaki anaenda kazini, najua tofauti.

Lakini pale kliniki anakaa dakika chache tu, siku yote iliyobaki yuko mtaani, kituoni, saiti, chumbani peke yake. Hapo ndo pa kumsaidia, na hapo ndo mi nilikosea.

Miezi sita ya kwanza nilikuwa kama askari. Napekua mifuko, namwangalia mikono, simu yake nashika mimi, nauli namhesabia ya kwenda na kurudi tu, akichelewa nusu saa nishampigia mara kumi. Siku moja akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, siku ukisafiri mi sijui ntajizuiaje, maana kazi yote unaifanya wewe." Sikulala siku ile. Kesho yake nikamfuata mshauri nasaha wake nikamuuliza nifanye nini, akaniambia mnunulie daftari aandike mwenyewe, na usilisome mpaka akupe.

Nikanunua lile la shule la kawaida. Anaandika saa ngapi hamu imekuja, yuko wapi, ana shilingi ngapi mfukoni, hamu kali kiasi gani kuanzia moja mpaka kumi, na alifanya nini. Baada ya wiki mbili akaniletea tukasoma wote. Nakumbuka mstari mmoja: "Jumatano saa 10 jioni, kituoni, nina elfu 12, sijala toka asubuhi, 8, nimepanda gari ya kwanza iliyokuja." Jumamosi imeandikwa tu "nimelipwa, 9". Yani ukisoma kurasa kama tano unaona mwenyewe, hamu haimjii ovyo ovyo, inakuja akiwa na hela taslimu, ana njaa, na yuko pale kituoni ambapo nyuma yake kuna maskani yao ya zamani.

Mipango akapanga yeye, mi nilikuwa nauliza tu. Akitoka kliniki anapita kwa mama ntilie anakula kwanza, chapati na maharage au supu, ndo anaenda kwenye usaidizi wa fundi. Akamuomba fundi amlipe kwa simu asimpe mkononi, na ikiingia tu anaituma nyingi kwa mama akiwa bado saiti. Kituo akabadilisha, anatembea mpaka cha mbele yake. Na hamu ikimkamata anaangalia saa, maana alifundishwa kliniki kwamba ile hali inapanda halafu inashuka, mara nyingi robo saa au nusu saa imepungua, kwahiyo anajiambia nusu saa tu, anatembea, anapiga simu, anakunywa maji.

Kuhusu marafiki wa zamani, watu wanashauri awakate wote. Sikubaliani sana na hilo, huku kwetu utawakata vipi watu unaopishana nao kila siku njiani, na wengine ndo walimbeba siku alizozidiwa. Alichofanya ni kuwa na jibu tayari. Tulikaa kizingitini pale mi najifanya mshkaji namwita, yeye anajibu "niko dozi kaka, nawahi kazini" bila kusimama, tukarudia mpaka ikawa inamtoka yenyewe.

Sasa hili la TB naomba mlisome taratibu. Mwaka jana alikutwa na TB, akaanzishiwa dawa kituo kingine cha afya, na kwa aibu hakuwaambia kwamba yuko methadoni. Wiki ya pili akaanza kutoka jasho usiku, kupiga miayo, mafua, miguu inamuuma, halali. Nyumba nzima tukajua karudia unga. Mimi mwenyewe nilimwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naumia. Hakunijibu, akaleta daftari. Siku tisa zote kaandika "arosto usiku, sijatumia, sielewi". Tukaenda nalo kliniki asubuhi ile ile, wakamuuliza unatumia dawa gani nyingine, ndo tukaambiwa rifampisini, ambayo ni moja ya dawa za TB, inafanya methadoni iishe haraka mwilini. Wakampandishia dozi taratibu na TB akaendelea kutibiwa mpaka akapona. Baadhi ya dawa za ARV nazo zinafanya hivyo hivyo. Kwahiyo popote anapotibiwa aseme yuko methadoni, na wewe nyumbani ukiona dalili muulize kwanza kabla hujamhukumu.

Vitu vingine vya kila siku: choo kinakuwa kigumu, papai, mboga za majani na maji mengi vinasaidia. Jasho na joto hili la Dar ni mateso, fulana ya akiba iwe kwenye begi. Pombe na vidonge vya usingizi asichanganye kabisa na methadoni maana pumzi inaweza kukata. Akikosa dozi siku kadhaa asitegemee kunywa kiasi kile kile, awaambie ukweli wampangie upya. Na kama dawa anapewa ya kubeba nyumbani ifungiwe na kufuli, dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto.

Aliwahi kuteleza mara moja, baada ya msiba wa baba. Hatukumfukuza. Kesho yake alienda kliniki akasema mwenyewe kabla ya kunywa, na hilo ni la muhimu sana maana unga juu ya methadoni unaua, na mtu aliyekaa muda bila unga mwili wake hauhimili tena kiasi alichozoea zamani. Ukimkuta haamki, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu ukimbize hospitali, usimmiminie maziwa mdomoni kama wanavyofanya vijiweni, atapaliwa.

Kama wako bado hajaanza kliniki, piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, watakuelekeza.

Sisi saivi tunahangaika na meno, mdomo unamkauka na yamemuoza mawili. Ijumaa ana miadi, kajiandikia mwenyewe kwenye daftari na nauli kashaitenga, mi nimeambiwa tu nisimsubiri chakula cha mchana.