Slabu ya karo kulika kwa chini: mulika kwanza, ndipo umlaumu fundi

Mkuu, umeuliza kama fundi alikuibia saruji, maana slabu ya karo lako la majitaka hapo Moshi inamong'onyoka kwa chini na haijamaliza miaka 9. Wizi upo, sikatai. Ila yangu hapa Pasua ililika vilevile, na mifuko ya saruji niliihesabu mwenyewe.

Siku gari la kunyonya majitaka lilipokuja, nilimulika tochi mdomoni mwa karo. Kuta zilizokuwa ndani ya maji zilikuwa ngumu kama zilivyojengwa. Juu ya maji, penye hewa, palikuwa na utando mweupe. Nikafunga bisibisi kwenye mti mrefu nikakwangua. Zege likadondoka kama chokaa iliyolowa mpaka bisibisi ikagonga nondo, nayo imevimba, kutu inabanduka ganda kwa ganda kama kitunguu.

Tazama hapo palipolika. Zege lililopunjwa saruji lingekuwa dhaifu kote. Likiliwa juu ya maji tu, hao ni bakteria, tena wa aina mbili wanaopokezana kazi. Wa kwanza wako kwenye tope lisilo na hewa. Wanatumia salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo kwenye majitaka, na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza. Gesi inapanda na kuyeyuka kwenye unyevu ulioganda chini ya slabu. Huko wapo wa pili, wanaotaka hewa, na wao wanaigeuza kuwa asidi ya sulfuriki, asidi ileile ya betri ya gari. Zege jipya lina pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) ya 12 hadi 13, hawaliwezi. Ikishashuka hadi kama 9 wanahamia, na inaweza kuendelea kushuka hadi 2. Asidi inaila saruji, inabaki jasi, ndio ule utando. Jambo hili lilichunguzwa kwenye mifereji ya majitaka ya Melbourne tangu miaka ya 1940.

Slabu mpya nilimwambia fundi anyanyue nondo, zege la chini yake liwe nene, nikaweka na bomba refu la plastiki la kutoa hewa.

Usiingize kichwa humo, wala usimshushe kijana wa kazi. Gesi ikizidi inaua pua kwanza, hunusi kitu, kisha inakuangusha. Na leo hii zungushia mbao watu wasipite. Juu ya slabu yangu ile, mama watoto alikuwa akisimama kuanika nguo kila Jumamosi.